Baba yangu havai mkanda

*Barua ya safari hii imetoka Arusha. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike.*

Shikamoo Mama,

Nina miaka 42, nimeolewa, nina watoto wawili na kaduka ka vitenge hapa Arusha. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu ninayemwandika ni baba yangu mzazi na sijui kama nina ruhusa.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka juzi. Tuko watoto watatu, tukakubaliana baba asibaki peke yake Machame, kwetu Kilimanjaro, aje kwangu maana nina chumba cha uani. Ana miaka 68 lakini mwili bado una nguvu, hatembelei fimbo. Mwanzoni tulikaa vizuri. Asubuhi anampeleka mjukuu wake shule, akirudi anashughulika na migomba yangu mitatu nyuma ya nyumba, jioni anakaa barazani na kikombe cha chai. Nikasema Mungu ametusaidia.

Mwezi wa tatu mvua zilipoanza, mambo yakageuka. Nyuma ya chumba chake unapita mfereji, na mvua ikinyesha vyura hulia mpaka alfajiri. Sisi tumewazoea. Baba akaacha kulala. Nikiamka kwenda chooni nakuta taa yake inawaka, yeye ameketi kitandani amevaa viatu, kamba zimefungwa. "Baba, unakwenda wapi?" "Siendi popote, kalale."

Halafu usiku mmoja, kama saa nane, tukasikia geti. Mume wangu akatoka na tochi. Akamkuta baba amesimama ndani ya mfereji, maji yanamfika magotini, anafyeka magugu kwa panga huku anaita jina la mtu. Mume wangu akamshika bega. Baba akageuka na lile panga. Lilipita pembeni, Mama, lakini lilipita karibu. Tangu siku hiyo mume wangu anafunga mlango wetu kwa komeo. Mwanangu wa miaka tisa naye hataki tena kusindikizwa shule na babu, kwa kuwa babu amemwambia akisikia mlio wowote alale chini palepale, hata kama ni kwenye tope.

Tulijua kwamba baba alipigana vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Alichukuliwa kwenye mgambo akiwa na miaka 21. Kwetu nyumbani vita ile ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Alitusimulia malori yaliyokwama kwenye matope, matoke waliyokula, na jinsi watu wa Kampala walivyowashangilia siku nduli Amin alipokimbia. Sasa nikikumbuka naona hadithi zake zilianzia Mutukula, zikafika Masaka, halafu zikarukia Kampala. Sikuwahi kujiuliza kati ya Masaka na Kampala kulikuwa na nini.

Mwezi wa tano alirudi kanisani mapema, akaniambia nikae. Akaniuliza, "Umewahi kuniona nimevaa mkanda?" Nikafikiri, nikasema hapana. Ni kweli. Tangu utoto wetu suruali za baba zinafungwa kwa kamba ya katani, hata suti ya kanisani, nasi watoto tulikuwa tunamcheka. Hata kwenye mikutano ya kijiji, mtu akisema "tufunge mikanda", yeye alikuwa anatoka nje.

Akanieleza. Mahali panaitwa Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, kwenye bwawa la mafunjo, usiku. Alikuwa na rafiki yake wa kijiji cha pili, ng'ambo ya mto, wamekua pamoja na walichukuliwa siku moja. Maroketi yakaanza kupita juu yao, watu wakakimbia. Rafiki yake akapigwa mguuni. Baba anasema alimsikia akimwita kwa jina nyuma yake kwenye mafunjo, vyura wakanyamaza, wakaanza tena, naye akaendelea kukimbia. Waliporudi kesho yake akamkuta. Alikuwa amejifunga mkanda wake juu ya goti, umebana sana, na shimo jipya ametoboa kwa kisu. "Mtu aliyekufa papo hapo hatoboi shimo kwenye mkanda," baba aliniambia. "Alinisubiri."

Vita ilipoisha alikwenda kwa mama wa yule kijana akamwambia mwanao alikufa papo hapo, hakuteseka. Mama yule amekwisha kufa. Dada yake yupo, sisi tunamwita shangazi. Kila Desemba humletea baba mkungu wa ndizi na humwita kaka, kwa sababu "wewe ndiye uliyekuwa na wetu mpaka mwisho".

Baba anataka twende Desemba hii akamwambie ukweli. Anataka mimi nimpeleke, si mwingine. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, amekataa katakata. Anasema marehemu amelala zaidi ya miaka 40, tusimfukue; anasema baba ni mzee wa kanisa, jina lake litachafuka, na kwamba kinachotakiwa ni maombi na vidonge vya usingizi. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, amesema tukienda Desemba baba abaki hukohuko, asirudi Arusha.

Mimi nimekwama katikati. Nikimpeleka naweza kumvunja shangazi, au baba akafia mikononi mwangu kwa uchungu. Nisipompeleka naona nitakuwa nimemwacha kama yeye alivyomwacha rafiki yake. Mama hakuwahi kulalamika juu ya baba hata siku moja. Alikuwa tu na vituko vyake, kama kulala sebuleni wakati wa masika akidai chumbani kuna joto, na kuwasha redio usiku kucha mpaka betri zikawa zinaisha kabla ya sukari. Natamani angekuwepo nimuulize.

Binti wa Mgambo, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kukoroga uji, nikarudi kuisoma tena. Unaniuliza kuhusu Desemba, lakini naona umebeba mizigo mitatu kwa kamba moja: usiku wa baba yako, siri ya baba yako, na nyumba yako mwenyewe. Kila ukivuta mmoja, mwingine unakaza. Niruhusu nianze na kitu ulichokiandika mwishoni kana kwamba ni kichekesho.

Machame, masika, chumbani kuna joto? Mwanangu, wewe umezaliwa huko. Masika ya Machame mtu hujifunika blanketi mbili.

Unasema mambo yaligeuka mwezi wa tatu mwaka huu. Mimi nashuku hayakugeuka. Nashuku kila mwezi wa tatu, tangu kabla hujazaliwa, baba yako hurudi kwenye bwawa lile, na mama yako alikwishajua. Alijua kwamba kulala karibu naye wakati huo kuna hatari, akahama bila kumwaibisha. Alijua kwamba ukimya wa usiku una vyura ndani yake, akawasha redio. Hakuna daktari aliyemfundisha. Alifanya hivyo miaka yote, akakuleeni, akafa na ujuzi wake. Kwa hiyo huenda unachokiona Arusha ni ugonjwa wa siku nyingi uliompoteza muuguzi wake. Nakwambia hivi kwa sababu naona unahofia kwamba ni nyumba yako iliyomharibu.

Kiwewe cha vita kina tabia ya kufuata kalenda. Mapigano ya Lukaya yalianza tarehe 10 Machi 1979. Mwili unakumbuka hata pale kichwa kinapokataa: mvua za kwanza, harufu ya tope, sauti ya chura. Tena kinaweza kuzidi mtu anapozeeka. Akiwa kijana mtu ana shamba, ana ada za shule, ana mke wa kuzungumza naye, na kazi humsaidia kuusukuma mlango usifunguke. Kazi ikipungua na mke akifa, mlango hauna mtu wa kuusukuma.

Na zingatia miaka. Baba yako alirudi 1979. Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya miaka ya kuhangaika na askari wao waliotoka Vietnam. Maana yake siku alipokaa mbele ya yule mama na kumwambia "hakuteseka", hali yake ilikuwa hata haijapewa jina. Mgambo walirudi, wakashukuriwa, wakaambiwa warudi mashambani. Wengi walirudi kimya. Wengine walirudi wakisimulia malori na matoke.

Sasa kuhusu usiku ule. Nimejaribu kujikumbusha yanayofahamika. Brigedi ya 201 iliyoshika Lukaya ilikuwa karibu yote ni mgambo, vijana waliotolewa shambani juzi tu. Askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin walikuja na maroketi ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa, lakini kishindo chake kilitosha, brigedi ikavunjika, watu wakatawanyika bwawani gizani. Kesho yake walikusanywa upya, Brigedi ya 208 ikazunguka ikaja kwa upande mwingine, na pale ndipo njia ya kwenda Kampala ilipofunguka. Baba yako hakukimbia peke yake. Lilikimbia jeshi zima la vijana.

Lakini tafadhali usiende kumsomea aya hiyo. Najua ulimi utawasha kumwambia "baba, haikuwa kosa lako". Watu husema hivyo kwa upendo, na anayeambiwa husikia "nyamaza, imetosha". Yeye hajakuuliza kama ana hatia. Amekueleza habari ya tundu kwenye mkanda. Amekaa na tundu lile zaidi ya miaka 40, na mtu wa kwanza kulionyesha ni wewe. Mwulize jinsi rafiki yake alivyokuwa kabla ya vita: alicheza nini, alichunga wapi, alimpenda nani. Marehemu yule amebaki na usiku mmoja tu, na ninavyokusoma alikuwa na miaka ishirini na ushee ya mchana.

Tuje kwa kaka yako. Ana hoja, usimdharau. Kuna kufukua kunakoua. Ila kuhusu vidonge vya usingizi vya kununua dukani nina wasiwasi mkubwa: mzee akipewa hivyo anaweza kuanguka akienda chooni, anaweza kuchanganyikiwa zaidi, na vingine mtu huvizoea akashindwa kuviacha. Kabla ya dawa yoyote, aonwe. Na siyo kwa sababu ya vita tu. Mzee anayetoka usiku na kuita watu anaweza kuwa na maambukizi kwenye mkojo, sukari iliyoyumba, au mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Angalia: je, mchana anapotea njia? Anasahau majina ya wajukuu? Anaona watu ambao hawapo hata jua likiwa limewaka? Hayo mwandikie daktari kwenye karatasi. Hapo Arusha nenda hospitali ya Mount Meru, ulizia dirisha la wazee na baadaye kitengo cha afya ya akili; mkiwa Moshi zipo hospitali za Mawenzi na KCMC. Neno "akili" likimtisha, mwambie mnakwenda kuuliza kuhusu usingizi. Huo si uongo.

Kuna tiba za maneno zinazosaidia hata baada ya miaka mingi. Mojawapo hutandika kamba sakafuni, kamba ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kila jambo jema linawekewa ua, kila jambo baya jiwe. Halafu mtu anasimulia kwa mfuatano, ua kwa ua, jiwe kwa jiwe, na akifika kwenye jiwe zito anakaa hapo na msaidizi wake mpaka lisimuliwe lote, mwanzo hadi mwisho, siyo kurukwa. Iliwahi kujaribiwa kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika kambi ya Nakivale, Uganda, na waliowahudumia walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari, na watu walipata nafuu. Nilipoona hadithi za baba yako zinaruka kutoka Masaka hadi Kampala, nilifikiria kamba ile. Siwezi kukuahidi kwamba utampata mtaalamu wa njia hii hasa hapo mjini, wala si kila mzee atakubali kusimulia mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Lakini uliza.

Desemba. Hapa ndipo ninapotaka twende polepole.

Unaandika kana kwamba ukweli huu ni wa baba yako, na wewe ni dereva tu. Mimi naona una wenyewe wawili. Ni wa baba yako kuusema, na ni wa shangazi yako kuupokea, au kukataa kuupokea. Mama yake alikufa amefarijika. Uongo ule, sijui niuiteje, ulisemwa na kijana mdogo mbele ya mama aliyefiwa. Sina jiwe la kumrushia. Ila sasa anayetaka kupumua ni baba yako, na anayeombwa kubeba ni yule mama wa watu mwenye mkungu wa ndizi. Kuna hatari akasikia, akalia, akamkumbatia. Kuna hatari akasikia, asimwite kaka tena mpaka siku ya kuzikana. Kuna hatari pia ya upande wa pili, ambayo kaka yako haioni: baba yako anaita jina lile usiku. Akibaki Machame peke yake, nani atakuwa wa kwanza kulisikia?

Na kuna swali ambalo sina jibu lake. Mgambo wa Kilimanjaro walikuwa wengi, na waliorudi walikunywa mbege pamoja. Una hakika gani kwamba shangazi hajui? "Wewe ndiye uliyekuwa na wetu mpaka mwisho." Nimelisoma sentensi hilo kwa sauti mara kadhaa. Linaweza kuwa shukrani tupu. Linaweza pia kuwa mtu anayegonga mlango kila mwaka akingoja ufunguliwe.

Mkiamua kwenda, sidhani Desemba ndiyo saa yake. Migombani kumejaa watu kutoka kila mji, mbuzi wanachinjwa, watoto wanapita, mwaka mpya fataki zinalipuliwa na baba yako atakuwa chini ya meza. Mwezi wa pili hakuna wageni. Anaweza kutangulizwa mtu wa kupiga hodi kabla: "Kaka yako ana neno zito juu ya siku ya mwisho, je, ungependa kulisikia?" Akisema hapana, hapo pia amejibu. Wapo ambao wangebeba jani la isale, ishara ya Wachagga ya kuomba msamaha, kama koo zote mbili bado zinaliheshimu; wapo ambao wangemtaka mchungaji. Baba yako ni mzee wa kanisa, huenda mchungaji wake ndiye sikio la pili baada yako, na siyo lazima liwe la mwisho. Na wengi wa waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, kule Muleba. Amewahi kufika? Safari ni ndefu, lakini nimewaza kwamba huenda mtu wa kwanza anayestahili kuambiwa ni yule aliyeita jina.

Labda mtafanya yote, labda hata moja. Umesema usipompeleka utakuwa umemwacha kama alivyomwacha rafiki yake. Hapo nakukatalia kidogo, mwanangu. Siku ile aliposema "kaa", ulikaa.

Mume wako aliponea panga, usimfanye mkorofi. Mweleze yote, pamoja na mkanda. Siri iliyofungiwa ndani ya nyumba ndogo humfanya kila mtu abuni yake. Panga na jembe viwekwe kwenye stoo, ufunguo ukae kwenu. Baba akiwa ndotoni msimguse: simameni upande wa miguu, washeni taa, mwiteni kwa jina la utotoni kama mnalijua, mwambieni yuko Arusha, kwa binti yake, mwaka gani. Mtoto naye aelezwe kwa kipimo chake: babu alikwenda vitani zamani, usiku mwingine ndoto humrudisha huko, si hasira juu yako, ukisikia njoo kwetu. Na ikitokea tena panga au mtu kuumizwa, au baba akisema amechoka kuishi, hapo msisubiri ushauri wa barua, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Kile chumba cha uani kiangalie upya. Kama upo uwezekano wa kumhamishia upande wa barabarani, mbali na mfereji, hilo halihitaji kikao cha ukoo.

Hukuniambia ile redio ya mama yako ilikwenda wapi. Ilikuja na baba Arusha, au ilibaki Machame?